Za kawaida tu

Dada yangu hunipigia simu kila Ijumaa jioni, na kila Ijumaa jioni ananiuliza swali lile lile, habari za wiki, na mimi namjibu jibu lile lile, za kawaida tu. Tumefanya hivi miaka na miaka mpaka limekuwa kama nywila, yaani siku nisipolisema nadhani atajua nimetekwa. Sasa Ijumaa moja sijui alikuwa na nini, labda amechoka, labda amenichoka mimi, akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo kawaida yako ina nini ndani?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaanza kupekua wiki nzima kichwani kama mtu anayepekua droo usiku akitafuta betri, nikakosa. Siku saba nimeamka, nimeoga, nimepanda basi, nimeongea na watu, nimerudi, nimelala, na sina hata kimoja cha kumpa dada yangu kwenye simu. Nikabadilisha mada, nikamuulizia watoto.

Lakini swali likabaki limenikaa kooni. Nikasema basi, wiki inayofuata naangalia. Sio kuandika shajara jamani, mimi na shajara hatuelewani, nimewahi kuanza nne na zote zinaishia kama tarehe 9 Januari hivi. Kuangalia tu. Nikajiwekea na sharti, kwamba chochote nilichokipanga au kukilipia hakihesabiki, kwa sababu starehe za kupanga zinajulikana, zina picha, watu wameshazilaiki. Nilitaka zile ambazo zinakukuta tu njiani ukiwa kwenye mambo yako. Na msosi nimeuweka pembeni kwa makusudi, maana nikishaanza stori za msosi makala haitaisha na nyie wenyewe mtaniacha hapa mwende jikoni.

Kwanza ikabidi niamue wiki inaanza lini. Ofisini inaanza Jumatatu, na bosi wangu analiamini hilo kwa moyo wake wote. Ila lugha yetu haikubaliani naye hata kidogo. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, hesabu inateleza vizuri mpaka Jumatano ambayo ni ya tano, halafu ghafla inaingia Alhamisi, ambayo jina lake limetoka Kiarabu na maana yake nayo ni ya tano, kwa sababu wenzetu wanaanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo tuna wiki yenye tano mbili zimekaa jirani, sita haipo, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika. Mimi nilipoligundua hili (nikiwa mtu mzima kabisa, aibu) nilifurahi siku nzima. Na kikubwa zaidi ni kwamba kwa hesabu hii wiki inaanza na mapumziko, unapumzika kwanza ndio uende ukachoke, sio uchoke halafu uombe mapumziko kama unaomba msamaha.

Kuna watu wamejaribu kuinyoosha wiki, hawakufika mbali. Wafaransa baada ya mapinduzi yao waliweka kalenda ya wiki ya siku 10, hiyo ni 1793, ikifika 1806 kalenda yenyewe imeshafutwa. Wasovieti mwaka 1929 wakaleta wiki ya siku 5 ambapo wafanyakazi waligawanywa makundi, kila kundi na siku yake ya kupumzika, ili viwanda visilale. Kwenye karatasi ilikuwa safi sana. Shida ikawa mume anapumzika leo, mke kesho kutwa, rafiki yako siku nyingine kabisa, sasa unapumzika na nani? Wakahangaika nayo wee, wakaweka ya siku 6, mpaka 1940 wakarudi kwenye saba kama watu wengine. Huwa nawafikiria hao watu nikiwa nimekaa Jumapili najua kabisa kwamba karibu kila ninayemjua na yeye amekaa.

Haya. Jumamosi.

Niliamka saa 12 na robo nimeshtuka, moyo unapiga, nimechelewa, mguu mmoja uko chini natafuta kandambili gizani, ndio nikakumbuka ni Jumamosi. Sijui kama kuna raha inayozidi hii mjini. Na ukiangalia vizuri utaona hakuna kilichoongezeka, sijapewa kitu chochote, nimeondolewa tu kitu ambacho hata hakikuwepo. Nilirudisha mguu kitandani polepole kabisa, kama vile nikifanya haraka mtu ataniona. Nikawa nasikiliza jengo letu. Siku za kazi jengo linaamka kwa fujo, milango, maji, viatu kwenye ngazi, mtoto wa juu anaburuzwa shule. Jumamosi linaamka kivivu, bomba moja linafunguliwa, kimya, halafu mtu anakohoa, kimya tena, jirani anahamisha kiti. Najua watu wanasema mji hauna ukimya. Upo, ila umevunjika vipande vipande na unagawiwa asubuhi kwa wanaowahi.

Mchana nikafua, nikakuta hela kwenye mfuko wa suruali. Hela yangu mwenyewe, niliiweka mwenyewe, na nilifurahi kama nimetumiwa na mjomba. Sina la kuongeza hapo.

Jumapili ndio mambo yalianza. Nilikuwa nimeenda upande wa pili wa mji, mbali kidogo na kwangu, kumpelekea mtu mzigo, na nikamaliza mapema, nikapita kwenye bustani moja yenye viti vya kuhamishika. Nikakaa. Sasa kama umewahi kukaa sehemu ya namna hiyo bila kushika simu utaona kitu cha ajabu, mtu akija anakishika kiti, anakisogeza kidogo, kama shibiri moja hivi, wakati mwingine anakirudisha pale pale kilipokuwa, ndio anakaa. Kila mtu! Nilihesabu tisa. Kuna Mmarekani mmoja, William Whyte, kwenye miaka ya 1970 aliweka kamera juu ya viwanja vya New York akawa anarekodi watu wanavyokaa na kutembea, na hili la viti aliliona, kwamba watu wanasogeza kiti hata kama hakuna sababu. Sidhani kama ni kuhusu kivuli wala jua. Nadhani mjini vitu vingi vimegandishwa, huna mamlaka ya kuhamisha chochote, kwa hiyo ukipata kiti kinachosogea unasogeza, hata kidogo, ili kiwe cha kwako kwa hizo dakika ishirini. Na mimi nilisogeza cha kwangu kabla ya kukaa. Sikukumbuka kufanya hivyo, niliona tu mchanga umechorwa mistari minne.

Whyte huyo huyo aliona pia kwamba watu wakikutana hawaendi pembeni kuongea, wanasimama hapo hapo katikati ya njia penye msongamano. Hili nilikuwa najua bila kamera. Mbele yangu walikutana mama wawili, wakashikana mikono, wakaanza ehee na watoto je na yule je, katikati kabisa ya njia, watu wanawapita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe. Siku zote watu wa namna hii huwa wananikera, nina haraka zangu, nawapita nikiwa nanong'ona. Siku hiyo sikuwa na haraka, nikawaangalia kwa muda mrefu, walivyokuwa wanaagana na hawaondoki, wanaagana, mmoja anapiga hatua mbili, anarudi, "halafu nilisahau kukuambia..." Waliagana mara nne. Hesabu zangu siku hiyo zilikuwa sawa kabisa.

Ndio nikamwona Mzee wa Mwamvuli.

Ngoja nieleze. Kuna mzee napanda naye basi kituo kimoja kila siku za kazi, saa moja kasorobo, kwa muda ambao sasa hivi lazima unafika miaka mitatu. Simjui jina. Kila siku ana mwamvuli mweusi mrefu, ule wenye mpini wa kujikunja, jua liwake lisiwake. Hatujawahi kusalimiana. Sio kwamba tuna ugomvi, ni kwamba siku ya kwanza hatukusalimiana, na ya pili pia, na baada ya mwezi ukianza kumsalimia mtu itabidi ueleze kwa nini hukuanza zamani. Si mnaielewa hiyo hali? Yaani unamjua mtu viatu vyake vyote, unajua wiki aliyokuwa na mafua, unajua amenunua miwani mipya, na ukiulizwa unamfahamu utasema hapana.

Watu wa aina hii wana jina. Stanley Milgram, mwanasaikolojia Mmarekani, aliandika kuwahusu mwaka 1972, akawaita kwa jina ambalo mimi nitalisema hivi, wageni uliowazoea. Wanafunzi wake walienda vituo vya treni asubuhi wakapiga picha watu wanaosubiri, baadaye wakarudi wakawagawia wasafiri zile picha waseme wanawatambua akina nani. Karibu wote walikuwa na angalau mmoja ambaye wanamjua sura na hawajawahi kuongea naye. Lakini kilichonimaliza mimi ni kingine, Milgram alisema watu hawa wakikutana mbali na pale walipozoea kuonana, hapo ndio wanasalimiana kirahisi, na kadiri wanavyokuwa mbali ndivyo inavyokuwa rahisi. Kituoni kwenu hata kichwa humtingishii, mkikutana nchi nyingine mtakumbatiana.

Sisi haikuwa nchi nyingine, ilikuwa upande wa pili wa mji, na ilitosha. Alikuwa anakuja kwenye njia, mwamvuli mkononi, aliponiona akasimama (katikati ya njia, ndiyo) na uso wake wote ukafunguka. "Eeeh! Wewe!" Nikainuka kama nimeitwa na mwalimu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, marahaba! Huku umefuata nini?" Nikamweleza habari za mzigo. Na yeye akaniambia binti yake anakaa nyumba ya tatu kutoka pale, amekuja kumwona mjukuu, akanionyesha na picha, mtoto ana mashavu hayo mnayoyajua. Tukaongea dakika kama saba, tumeshikana mikono muda wote, watu wanatupita kushoto na kulia. Tukaagana mara mbili, tulikuwa bado wageni kwenye hiyo kazi. Jina hatukuulizana.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuielewa chanzo chake, mpaka kwenye ngazi nilikuwa napiga mluzi.

Jumatatu asubuhi nikawahi kituoni, na nikiri kwamba nilikuwa nimechana nywele vizuri. Mzee yupo. Mwamvuli upo. Tukaangaliana. Akanitingishia kichwa, mimi nikatingisha, halafu wote wawili tukageuka tukaangalia barabara upande basi linakotokea, kwa makini sana, kama watu wanaosoma. Basi! Ndio ikawa imeisha hivyo. Kumbe ule undugu wetu wa jana ulikuwa wa kule kule, hausafiri. Nilicheka peke yangu mpaka dada mmoja akasogea pembeni kidogo.

Na hapa kituoni lazima niseme jambo la basi, kwa sababu nimelibeba muda mrefu. Mtu akikuambia mabasi yanapita kila dakika 10, kichwani unapiga hesabu kwamba kwa wastani utasubiri 5. Haiko hivyo, na sio kwamba una mkosi. Tuseme yanakuja mawili yamefuatana, dakika 2 kati yake, halafu ndio uone lingine baada ya dakika 18. Wastani bado ni 10, waliopanga ratiba wako sahihi, hawajakudanganya. Ila wewe unatokea nyumbani saa yoyote tu, na kwenye kila dakika 20, dakika 18 ziko ndani ya lile pengo refu. Mara tisa kwenye kumi utadondokea humo. Ukipiga hesabu yote unakuta unasubiri kwa wastani dakika 8 na kidogo. Mapengo marefu yana nafasi kubwa ya kukumeza kwa sababu ni marefu, ndio hivyo tu. Nilipoelezwa hii mara ya kwanza nilihisi kama nimeombwa radhi na dunia, miaka yote nilidhani ni mimi.

Sasa geuza hesabu hiyo. Ina maana ile siku unafika kituoni na basi nalo linafika, mlango unafunguka mbele yako kama umeliagiza, hiyo ni bahati ya nadra, umepita kwenye tundu la sindano. Jumanne ilinitokea. Nilikuwa bado natembea, sijakimbia, nikainua mguu kutoka kwenye lami nikaukanyagia ndani ya basi bila kupunguza mwendo. Na kiti cha dirishani kipo. Nikakaa nikiwa nataka kumgeukia mtu nimwambie umeona lakini?

Sikumgeukia mtu. Huwa hatugeukiani. Mwaka 2014 watafiti wawili, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, walitoa utafiti waliofanya Chicago kwa wasafiri wa treni na mabasi, wengine waliambiwa waongee na mtu wasiyemjua njiani, wengine wakae kimya kivyao. Walioongea ndio waliofurahia safari zaidi. Lakini watu walipoulizwa kabla, walikisia kinyume, kwamba kukaa peke yako ndio raha na kuongea itakuwa mateso. Kila mmoja anadhani mwenzake hataki. Naamini kabisa huo utafiti, na bado sikumgeukia mtu, nikaegemea kioo nikaangalia mji unavyopita, na hiyo nayo ilikuwa tamu, sitaki mtu aniambie nimekosea. Kuna utamu wa kuwa peke yako katikati ya watu 60 ambao chumbani peke yako huupati.

Jumanne hiyo hiyo jioni lifti ilikuwa chini inanisubiri, na jirani wa ghorofa ya nne, mdada mmoja huwa ana haraka sana, akaushika mlango kwa mguu akiwa na mifuko mikono yote miwili. Tulipanda kimya. Huwa naiwaza lifti, mnajua watu walikuwa wanaziogopa? Kamba ikikatika basi. Mpaka Elisha Otis alipojitokeza kwenye maonyesho New York mwaka 1854, akasimama juu ya jukwaa lililoning'inia, akaamuru kamba ikatwe watu wanaangalia, jukwaa likashuka kidogo likajikamata lenyewe kwa breki aliyoibuni. Majengo yote haya marefu tunayolalamikia yamesimama nyuma ya ile sekunde moja. Alipofika ya nne mdada akaniambia "haya, usiku mwema jirani," nikamwambia na wewe. Hilo tu. Nililiandika kichwani.

Jumatano sikupata kitu. Nasema kweli. Kikao asubuhi, kikao mchana, kompyuta iliganda, faili moja lilipotea likapatikana kwenye kompyuta ya aliyekuwa analitafuta kwa sauti kubwa kuliko wote. Kama saa tisa njiwa alitua nje ya dirisha la ofisi akawa ananiangalia kwa jicho moja, halafu akageuka akaniangalia kwa la pili, kama anayehakikisha. Msiwadharau njiwa wa mjini. Wajapani, Shigeru Watanabe na wenzake, mwaka 1995 walichapisha jaribio ambalo njiwa walifundishwa kutofautisha michoro ya Monet na ya Picasso, na wakaweza hata kwa michoro ambayo hawakuwahi kuonyeshwa kabla. Kwa hiyo yule aliyekuwa anaangalia slaidi zangu alikuwa na haki ya kuondoka, na aliondoka. Labda na Jumatano nayo nihesabu njiwa.

Alhamisi, tano ya pili.

Asubuhi nilichelewa kwa uzembe wangu, basi la saa moja kasorobo likaniacha, na nikiwa nusu ya njia kwenda kituoni mbingu zikabadilika rangi. Unajua ile dakika kabla ya mvua, upepo unakuja wa chini chini unasukuma karatasi, watu wanaangalia juu wote kwa pamoja, wenye nguo kwenye kamba wanaanza kukimbia. Na ile harufu inakuja kabla ya tone lenyewe. Ile harufu ndiyo ninayoitaka niizungumzie kwa kituo, kwa sababu nadhani ni kitu cha bure kizuri kuliko vyote ambavyo mji unatoa, na mji hauhusiki nacho hata kidogo.

Ina jina la kitaalamu, petrikori, walilitunga wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, mwaka 1964, kutokana na Kigiriki, sehemu ya kwanza ni jiwe na ya pili ni ile damu iliyosemekana inatembea kwenye mishipa ya miungu. Damu ya mawe! Walikuta kwamba siku za ukavu mawe na udongo vinanyonya mafuta mafuta yanayotoka kwenye mimea, mvua ikija yanaachiliwa. Na ndani yake kuna kingine kinaitwa jeosmini, kinatengenezwa na bakteria wa ardhini, ndio ule unyevunyevu wa udongo unaousikia, na pua ya binadamu ni kali kwake kupita kiasi, inakamata hata sehemu chache tu kwenye trilioni. Sisi ambao hatunusi gesi jikoni mpaka jirani agonge mlango. Halafu 2015 watafiti wa MIT, chuo kikuu kimoja cha Marekani, walipiga video za kasi sana za tone likidondoka, wakaona tone likigusa ardhi yenye vitundu linanasa hewa chini yake, na ile hewa inapanda kama viputo vya soda inapasuka juu, inarusha chembe ndogo ndogo, upepo unazibeba. Kwa hiyo unapoinusa mvua kabla haijakufikia, unanusa mvua ya mtaa wa jirani. Imenyesha kwao ikakutumia salamu.

Basi ikanifikia. Ilinyesha kama ina deni. Nikakimbilia chini ya kibaraza cha jengo moja lililofungwa, tukajikuta pale watu kama kumi na mbili tumebanana, mwenye suti, wanafunzi wawili, kijana wa pikipiki na kofia yake kichwani, mama mwenye mtoto mgongoni, na mbwa, ambaye hakuwa na mtu. Dakika tano za kwanza kila mmoja na simu yake, bosi nimekwama, mama mvua huku, nakuja nakuja. Halafu mfereji ukaanza kujaa, likapita ndoo moja la buluu, linaelea zuri kabisa limesimama wima, linashuka na barabara kama lina safari zake, na mtoto wa mgongoni akalinyooshea kidole akasema "gari." Kibaraza kizima kilicheka. Baada ya hapo ikawa mnaongea, mwenye suti akasema yeye leo alikuwa na usaili wa kazi, wote tukaingilia, umewapigia simu? Wapigie! Akawapigia pale pale, tukanyamaza wote kumi na mbili kama msibani tunasikiliza, wakamwambia haina shida na wao wenyewe wamekwama, tukashangilia kwa kunong'ona asije akasikika. Sijui kama aliipata hiyo kazi. Nataka kujua mpaka leo.

Mvua ilipokatika tukaondoka bila kuagana, kila mtu njia yake anaruka madimbwi, baada ya nusu dakika ungetupita ungesema hatujawahi kuonana. Mbwa ndiye aliyebaki. Nilifika kazini saa tatu na nusu nimelowa magoti, nikaombwa maelezo kwa maandishi, nikaandika "mvua."

Ijumaa nikawahi. Anga limeoshwa, majani ya ule mti wa kituoni yanang'aa kama ya plastiki. Mzee wa Mwamvuli yupo mahali pake. Nikatingisha kichwa, nikageuka kuangalia barabara kama taratibu zetu zinavyosema. Kimya. Basi halionekani, tuko ndani ya pengo refu. Halafu nikasikia ncha ya mwamvuli inagonga lami, tok tok, kama mtu anayepiga hodi.

"Jana," akasema, bado anaangalia barabara, "mwamvuli umepata kazi baada ya miezi mitatu. Natafuta wa kumwonyesha, wewe haupo."

Nikamwambia shikamoo mzee, nilichelewa, iliniloanisha yote. Akasema marahaba, nilijua tu. Akanisogelea hatua moja. Tukapanda, akakaa, pembeni yake pakawa wazi, nikakaa hapo, na sasa itabidi nikae hapo kila siku, nimeshajiingiza. Mjukuu ameanza kutambaa. Anatambaa kinyumenyume.

Jioni simu ikaita. "Habari za wiki?" Nikamwambia dada subiri, leo sipokei, naosha vyombo hapa, nitakurekodia sauti. Nikakaa kitandani nikarekodi, nikaanzia Jumamosi na ule mguu, viti, mama wawili, mzee, hesabu ya basi, lifti, njiwa, ndoo la buluu, mwenye suti, nikatuma. Zikaonekana tiki mbili. Nikasubiri.

Baada ya muda akaandika: "Dakika 19?? Mdogo wangu mimi nilikuwa nasalimia tu."

Halafu kabla sijajibu, akaandika tena: "Huyo wa usaili alipata?"

Nikamwambia sijui. Akasema kesho atasikiliza tena sehemu ya mvua, sasa hivi anafua.